Sakafu Ina Baridi

Kila asubuhi, kabla mashine ya kwanza haijaanza kulia, mimi hupitisha sumaku sakafuni. Ni duara zito lenye tundu katikati. Shemeji yangu alilitoa kwenye spika mbovu, akapitisha kamba, akanikabidhi kama anayenipa ng'ombe wa kuchunga. Nalivuta taratibu kutoka mlangoni hadi chini ya meza ya kukatia, na pini zilizoanguka jana zinarukia juu yake, ti, ti, ti. Mama husema ni pini zinapiga hodi. Nikifika chini ya meza napiga goti la kushoto, kwa sababu la kulia lina kovu la zamani lisiloelewana na saruji. Nikiwa mchanga niliangukia kizingiti. Ndivyo nilivyoambiwa.

Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho karakana ya mama. Kuna mashine tatu, pasi, majora ya kitambaa yaliyosimama ukutani kama watu wanaongoja zamu, na hiyo meza. Anashona sare za shule, mapazia, na magauni ya wenye shughuli zao. Mahali penye fundi pana pini, na penye pini hapakosi mtu wa kuzisaka.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeinama chini ya meza pale kitu kilipopita kando ya mkono wangu. Nilidhani paka. Kumbe ni kitoto. Kilikuwa kinatambaa mbio, nepi imeteremka upande mmoja, viganja vinapiga saruji pa, pa, pa, macho yote kwenye sumaku yangu.

"Pini!" Mama alipiga ukelele mpaka mimi nikagonga kichwa kwenye meza. Aliruka kutoka penye pasi, akakinyakua kile kitoto kwa makwapa na kukiinua juu kama kimeokolewa kisimani.

Msusi, jirani yetu wa mlango wa pili, aliingia akihema, kitana bado kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe.

"Jamani, nisameheni! Huyu siku hizi simwiti jina lake, namwita Trekta. Nikigeuka kuchukua mafuta, yeye keshafika barabarani." Alimpokea mwanawe, akampangusa magoti. Kisha akamtazama dada yangu, aliyeketi kwenye benchi la wateja na mwanawe mapajani. "Na huyu wetu? Bado?"

"Bado," dada alisema.

"Ila si ndiye mkubwa kwa Trekta?"

"Ndiye mkubwa."

Msusi alimpandisha mwanawe begani. "Ah, watoto hawalingani," alisema, na kuondoka upesi kuliko alivyoingia.

Harufu ya kuungua ndiyo iliyotugutusha: mama alikuwa ameiacha pasi juu ya shati la shule, na sasa shati lilikuwa na pasi nyingine ya rangi ya kahawia iliyochorwa mgongoni. Siku nyingine nyumba nzima ingelia. Siku hiyo mama alilikunja tu lile shati na kuliweka chini ya mengine.

"Semeni tu," dada alisema, macho kwa mtoto. "Na mimi nimeona."

Mtoto mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa ameegemea tumbo la mama yake, mnene, mtulivu, anatutazama mmoja mmoja kama anayekagua wafanyakazi. Tulimwita Bosi. Jina hilo alilitoa baba yake. "Bosi hatembei," alisema shemeji, "bosi hupelekwa."

Na kweli alipelekwa. Bosi alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo hivi kwamba alitosha kwenye kiganja kimoja na nusu cha baba yake, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma na mikono yake si ya mchezo. Hospitali walituambia tumshike kifuani apate joto. Tukamshika. Dada alimshika, mama akampokea, mimi nikampokea mama, shemeji akirudi kazini alinawa mpaka viwikoni na kunipokea mimi. Wateja waliokuja kupimwa nguo walimshika wakingoja. Bosi akanenepa, akapona, akaanza kucheka kwa sauti nene kama mzee, na sisi tukaendelea kumshika. Hakuna aliyekumbuka kuuliza tutaacha lini.

Sasa umri ulikuwa umefika ambao wenzake wanavuruga nyumba, naye hajigeuzi. Ukimkalisha bila mkono nyuma, anakwenda upande kama gunia lililopakiwa vibaya. Muuguzi wa kliniki alimwinua, akamgusa, akamtazama sana. Akasema: "Turudi kuonana baada ya miezi miwili. Kama bado hajigeuzi wala hakai mwenyewe, tutamwandikia aende hospitali kubwa. Wataangalia misuli, mishipa ya fahamu, na ubongo."

Alilisema kwa upole, na lilikuwa jambo la haki kusema. Lakini dada alisikia neno la mwisho tu. Tangu siku hiyo alikuwa akimwangalia mwanawe akilala, akigusa nyayo zake kwa kidole kuona kama zitajikunja.

"Mwenda pole hajikwai, mke wangu," shemeji alimwambia.

"Na asiyekwenda kabisa?"

Shemeji alikuna kichwa. "Huyo anabebwa." Alitaka kucheka, akamwona dada usoni, akaacha.

Mimi nilikuwa na neno, ila halikutoka.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia. Nafanya zamu ya mchana katika chumba cha mazoezi ya viungo hospitalini, na wagonjwa wangu wengi ni wazee wa magoti na watu walioinuka kutoka kwenye kiharusi. Pale naongea. Mtu akiumia, sauti yangu inakuja yenyewe. Lakini nikivuka kizingiti cha nyumbani nakuwa Bi Kimya, ndivyo mama anavyoniita, na si kwa ubaya, ni kweli. Mbele ya mama, mwanamke aliyetulea peke yake kwa sindano na uzi, nilihisi chuo changu ni kama koti la kuazima.

Neno lenyewe lilikuwa limenijia jioni moja, wakati wa kumwogesha Bosi. Ndani ya beseni mtoto huyo alikuwa mtu mwingine. Alipiga mateke mpaka maji yanafika dirishani. Alisukuma ukingo wa beseni kwa nyayo zake na mgongo ukajipinda kama upinde. Shemeji, amelowa shati zima, alisema, "Miguu ya penalti hii." Mimi nilishika paja lile dogo linalosukuma na kufikiri: mguu huu una nguvu. Unachokosa ni kitu cha kusukuma. Maji yanampa, beseni linampa. Sisi tunampa mapaja yetu, ambayo ni laini na yanamfuata kila anakoelekea.

Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto hujenga shingo akiwa amelala kifudifudi, halafu mabega, halafu mgongo, kwa kusukumana na sakafu kidogo kidogo. Mwalimu wetu alituwekea mwanasesere wa plastiki juu ya mkeka na kusema, "Sakafu ndiyo mwalimu wa kwanza, hana mshahara na hachoki." Bosi alikuwa hajawahi kukutana na mwalimu huyo.

Nilijaribu mara moja, mama akiwa anatia uzi kwenye sindano. "Mama, labda Bosi tungemshusha chini kidogo..."

"Sakafu ina baridi," alisema, bila kugeuka.

Ulikuwa msimu wa joto ambao hata sisi tuliitamani baridi hiyo. Lakini alilisema kama mtu anayefunga mlango, nami nikabaki nje.

Basi nikafanya kama wanavyofanya watu wenye haya: nikatenda bila kusema. Siku moja mama alikwenda kupeleka mapazia kwa mteja, dada alikuwa uani anafua. Nilipitisha sumaku chumba kizima. Nikarudia. Nikatandika shuka safi katikati, mbali na mashine, nikamlaza Bosi kifudifudi.

Alilia kama ameuzwa. Uso ulizama kwenye shuka, mikono ikanaswa chini ya kifua, makalio juu. Nililala mbele yake, shavu langu sakafuni, nikamwimbia kwa sauti ndogo. Akanyamaza kunisikiliza. Halafu, polepole, kile kichwa kikubwa kikainuka. Kilitikisika kama cha kobe aliyeamka, kikasimama, naye akanitazama kwa mshangao, kana kwamba hakujua dunia ina upande huo.

"Hapo hapo, baba," nilinong'ona. "Hapo hapo."

Mlango ukafunguka.

Sikumbuki mama alivyovuka chumba. Nakumbuka Bosi akipaa na kikapu cha mapazia kikibingirika. Mama alimbana mtoto begani, akapiga magoti, na kwa mkono uliobaki akaanza kupapasa shuka, kisha saruji pembeni yake. Mkono ukasimama. Aliinua kitu kati ya vidole viwili na kukiweka mbele ya macho yangu.

Ilikuwa pini. Ya njano.

"Nimepitisha sumaku, mama. Mara mbili."

"Sumaku haishiki shaba." Alikuwa anahema. "Hizi natumia kwenye satini, haziachi kutu. Sumaku inazipita kama hazipo."

Nilitazama pale alipoitoa. Palikuwa umbali wa kiganja kutoka kwenye shuka. Nilikuwa nimekuja na chuo changu katika chumba hiki bila kuuliza swali moja la chumba chenyewe.

Dada alikuwa amesimama mlango wa uani, povu likimdondoka mikononi. "Ulikuwa unafanya nini na mwanangu?"

Labda ni kwa sababu alionekana anaumia. Sauti yangu ilikuja, ile ya hospitalini.

"Dada, nimekosea kutokukuambia kwanza. Lakini nisikilize. Hospitali kubwa si adui. Wakisema twende, tutakwenda, nami nitabeba mkoba. Ila mimi nimemshika huyu kila jioni. Ana nguvu. Anaona, anasikia, anashika, anapiga mateke. Mtoto tumembeba tangu azaliwe. Hajawahi kupewa mahali pa kujaribu. Sisemi nina hakika. Nasema tumpe mahali, halafu ndipo tujue."

Sidhani niliwahi kusema maneno mengi hivyo katika nyumba ile. Hata Bosi aliacha kulia.

"Sakafu ina baridi," mama alisema, lakini safari hii sauti ilikuwa ndogo.

Dada alipangusa povu kwenye gauni lake. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akatazama pini. Kisha akasema, "Mama, nipe mtoto," akampokea, akavuka chumba, na kusimama mbele ya meza ya kukatia.

Inabidi mjue habari za meza ile. Ni pana kama kitanda, mbao zake zimelainika kwa miaka ya vitambaa. Hakuna anayeweka kikombe juu yake. Hakuna anayeegemea. Shemeji aliwahi kuweka kofia yake hapo siku ya posa, na mama bado anamkumbusha. Na kabla ya kukata chochote mama huipangusa yote kwa kiganja kitupu, polepole, kutoka kona hadi kona, kama anayetafuta homa kwenye paji la uso wa mtoto. Kiganja chake hakipitwi na shaba wala chuma.

Dada hakuomba ruhusa. Alisimama tu pale, na Bosi mikononi, akingoja.

Mama aliichomeka ile pini ya shaba kwenye kola yake. Akaja mezani. Akapangusa: kona ya kwanza, katikati, ukingo, kona ya mwisho. Halafu akarudi kwenye mashine yake na kukaa akitupa mgongo.

"Kidogo tu," alisema. "Nina sare za kukata."

Ndivyo tulivyoanza.

Siku za kwanza zilikuwa za kilio tu. Bosi alilala kifudifudi juu ya meza na kutuombea mabaya kwa lugha yake, mimi upande mmoja, dada upande wa pili, mikono yetu ukingoni kama uzio. Akichoka tulimwinua, akitulia tulimrudisha. Sikutaka alie mpaka achukie. Nilitaka adadisi mpaka asahau kulia. Shemeji akirudi kazini alipiga magoti mpaka kidevu chake kikalingana na meza, na kufanya nyuso ambazo sijui alizitoa wapi.

"Ukiendelea hivyo atakuogopa," dada alimwambia.

"Mbona wewe hukuniogopa?"

"Niliogopa. Nilidhani zitaisha."

Kilichomponza Bosi ni uzi mwekundu. Kulikuwa na rili ya uzi, kubwa, nyekundu kama pilipili, iliyobaki kwenye kazi fulani. Niliiweka mbele yake, mahali ambapo mkono haufiki. Aliitazama. Akainua kichwa, akaikosa. Akainua na kifua. Mkono mmoja ukajichomoa chini ya tumbo, ukatapatapa hewani, ukaanguka. Kesho yake ukaanguka mbele zaidi.

Asubuhi moja niliona alama ya chaki kwenye meza, mstari mfupi kama ule wa kuonyesha pindo. Baada ya siku kadhaa palikuwa na mwingine mbele yake. Halafu mwingine. Kila mmoja ulikuwa mahali mkono wa Bosi ulipoishia.

"Mama, nani anachora mezani?"

"Najaribu chaki," mama alisema. "Chaki za siku hizi hazina maana."

Mbele ya wateja alijifanya hatuoni. Lakini mashine yake ilikuwa ikinyamaza kila Bosi alipopigana na ule uzi, na ikiendelea pale alipopumzika. Siku alipojigeuza, mama alikuwa anampima mteja shingo, mwanaume aliyetaka shati jipya, mnene kiasi. Bosi alikuwa amelala chali, ameiona rili pembeni. Goti likavuka, nyonga ikafuata, bega likakwama. Akakwama hapo katikati, nusu huku nusu kule, anaguna kama anayesukuma gari bovu. Halafu, pu, akawa kifudifudi, na rili mkononi.

Dada alipiga vigelegele. Mimi nililia, mimi hulia upesi. Mteja akaanza kukohoa, ndipo tukageuka: mama alikuwa ameshika ncha mbili za utepe wa kupimia na kuzivuta kwa nguvu zote, macho mezani, shingo ya watu imebanwa.

"Fundi," mteja alisema alipopata pumzi, "kwa kipimo hicho shati litavaliwa na kuku."

Kukaa kulikuja baadaye, kimyakimya. Mwanzo alikaa akijishikilia kwa mikono miwili mbele kama chura. Halafu mkono mmoja. Halafu siku moja alikuwa amekaa tu, mgongo wima, anatafuna kipande cha kitambaa, na dada akaondoa mkono wake nyuma na kuuficha kwapani asije akaurudisha.

Lakini kwenda mbele, hapana. Bosi alijifunza kwenda nyuma. Tulimlaza, tukaweka rili mbele, akasukuma kwa mikono, na mwili wote ukateleza kinyume. Kadiri alivyoitaka rili, ndivyo alivyoiacha. Alilia kwa hasira, anaikodolea macho ikiwa mbali, anasukuma, anazidi kurudi.

"Anarudi nyuma!" dada alishtuka. "Hiyo ndiyo nini tena?"

"Mikono imepata nguvu kabla ya miguu," nilimwambia. "Wengi huanza hivyo. Miguu itafika."

"Anapaki," shemeji alisema. "Mpeni nafasi, anapaki."

Tukicheka hivyo, nyayo za Bosi zikafika ukingoni mwa meza na kuning'inia hewani. Nilimdaka. Tuliangaliana, dada na mimi. Meza ilikuwa imekwisha. Mtoto alikuwa ameimaliza meza nzima, na kilichobaki kilikuwa chini.

Mama alikuwa ameona. Alishuka kwenye kiti chake, akaitazama sakafu ya chumba chake, chini ya mashine, kwenye pembe, kwenye nyufa za saruji ambamo hata kiganja chake hakiingii. Hata baridi hakuitaja.

Siku ya kliniki ikafika hivyo, Bosi akiwa mtu wa kurudi nyuma. Dada hakula asubuhi. Shemeji aliomba ruhusa kazini. Na mama, ambaye hajawahi kufunga karakana siku ya kazi, alivaa viatu vyake vya kutokea, akachukua mkoba, na kusimama mlangoni.

"Mnangoja nini?" alisema.

Chumba cha kliniki kilikuwa kirefu, kimejaa akina mama kwenye mabenchi ya pembeni, na katikati, sakafuni, palikuwa na godoro jembamba la kijani la mazoezi. Muuguzi alikuwa yule yule. Alimpima Bosi uzito, akatabasamu, akaonyesha godoro.

"Mwekeni pale chini tumwone."

Dada alimtazama mama. Sote tulimtazama mama.

"Sakafu..." alianza. Akameza neno. Kisha akamwambia muuguzi, "Mwanangu, naomba nipite kwanza."

Akavua viatu. Akapiga magoti mbele ya watu wote wale, akaweka kiganja kwenye kona ya godoro, na kuanza kupangusa. Kona ya kwanza, katikati, ukingo. Alipomaliza godoro akatoka nje yake na kupangusa sakafu iliyolizunguka. Akina mama kwenye mabenchi waliinua miguu apite. Muuguzi alinigeukia na maswali machoni.

"Ni fundi cherehani," nilimwambia. Sikuwa na maelezo mengine.

Dada alimweka Bosi chini. Akakaa. Peke yake, wima, akaangalia watazamaji kama anayetaka kujua nani amechelewa kazini.

"Anakaa," muuguzi alisema.

Akamlaza chali. Bosi akajigeuza kwa dharau, kama mtu anayeombwa kutaja jina lake. "Anajigeuza. Vizuri! Vizuri sana. Na kwenda?"

Bosi, akiwa kifudifudi, alisukuma kwa mikono na kurudi nyuma.

"Anapaki, sista," shemeji alisema, lakini sauti yake ilikuwa kavu.

Mama alifungua mkoba wake. Akatoa rili nyekundu. Aliiweka mbele ya godoro, juu ya sakafu yenyewe.

Bosi aliiona. Akaguna. Akasukuma, akarudi nyuma, akaguna tena kwa hasira zaidi. Nilikuwa nimepiga goti kando yake na niliona kitu ambacho wengine hawakukiona: vidole vya mguu wake wa kulia vikijikunja na kung'ata godoro. Goti likaja chini ya tumbo. La pili likafuata. Makalio yakapanda juu, akawa mnyama wa miguu minne, anayumba mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama gari linalotafuta gia.

"Twende," muuguzi alisema kwa sauti ya chini, amesahau kwamba yuko kazini.

Mkono ukaenda. Goti likaenda. Mkono, goti. Akaanguka na kidevu, akainuka. Mkono, goti. Kiganja chake kikafika mwisho wa godoro, kikaonja sakafu, pa. Akasimama kidogo kuisikiliza. Pa, pa. Akaipenda. Akaifikia rili, akaipiga badala ya kuishika, ikabingirika hadi chini ya benchi, naye akaifuata, pa, pa, pa, mbio kama Trekta, kati ya viatu vya akina mama waliokuwa sasa wanapiga makofi na kuinua miguu na kumwita kama anayeingia uwanjani. Dada alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Shemeji alikuwa amesahau mikono yake kichwani.

Nilimwona mama. Mkono wake ulikuwa umenyooka hewani, tayari kunyakua. Kisha akaushusha, taratibu, akaukalia.

"Hospitali kubwa wana kazi nyingi," muuguzi alisema, akijipangusa macho kwa kiwiko. "Nyie nendeni mkanunue komeo la mlango. Huyu mtamtafuta."

Bosi aliipata rili. Akaitia mdomoni, akageuka chini ya benchi, akatuona tulivyo mbali, na kuanza safari ya kurudi.

Nilikuwa nimekaa sakafuni bega kwa bega na mama. Alinyoosha mkono, akaweka kidole juu ya goti langu la kulia, mahali penye kovu, kwenye kitambaa cha sketi, bila kutafuta.

"Haikuwa baridi," alisema.

"Nini, mama?"

"Sakafu. Haijawahi kuwa na baridi." Alikuwa anamtazama Bosi, si mimi. "Wewe hukuangukia kizingiti. Ulikuwa unatambaa kuja kwangu. Unacheka. Nilikuwa nimedondosha pini ya shaba, sikuiona. Daktari aliitoa, nikakubeba mpaka nyumbani, na sikukushusha tena mpaka ulipojishusha mwenyewe. Ukawa mtoto wa kimya. Nikajiambia ni tabia yako tu."

Niliushika mkono wake.

"Kesho mashine zote zinahamia chumba cha nyuma," alisema. "Chumba cha mbele ni chake. Nitakipangusa mwenyewe. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Miaka yote hii nikisema baridi, nilikuwa nasema naogopa." Alivuta pumzi, akanisukuma kwa bega. "Sasa sogeza mguu huo, unamzibia Bosi njia."